Perege wa Arobaini Yako

Mama yangu mpendwa,

Arobaini yako imepita, na perege hakuliwa. Najua hilo ndilo ungeliuliza kabla hata ya salamu, basi nimeanza nalo.

Unakumbuka siku ile bwana samaki wa wilaya alipokuja hapa Mbwemkuru na pikipiki yake, akatukusanya akina mama pale ofisi ya kijiji? Alisema sato si samaki wa mto wetu. Walikuwa wa kufugwa, mafuriko yakavunja mabwawa, sasa wamejaa mtoni na perege wanaisha. Serikali itatoa ruzuku kwa kikundi kitakachowavua na kuwasindika: nyavu, majiko ya kubanikia, mashine ya kufungashia. Sharti ni moja, perege akinaswa arudishwe majini akiwa hai. Ulicheka mpaka mtandio ukaanguka. "Yaani serikali inatulipa tule samaki! Haya, dunia imeisha." Lakini kesho yake wewe ndiye uliyetangulia kufunga chanja ya kukaushia samaki.

Majiko yalifika ukiwa umeshalazwa Nachingwea. Nilikueleza yalivyo, ukafumba macho ukasikiliza. Kisha ukanishika mkono. "Siku ya arobaini yangu wape watu perege wa mto wetu. Hao wageni wenye mikia ya mistari kawauze sokoni." Niliitikia. Ningekataaje?

Tangu tukuzike, Mama, kila siku nyavu zilikuja na sato, sato, sato. Nilianza kuogopa. Siku moja kabla ya arobaini, asubuhi, akaingia perege mmoja, mnene, mkia hauna mstari hata mmoja. Mjomba alikuwa amesimama ukingoni. Unamjua kaka yako, hana sauti ndogo.

"Huyo ndiye wa dada! Mtie kwenye ndoo, funika na majani. Nani atajua?"

Nikamtazama Mama Zuhura, mwenyekiti wa kikundi chetu. Akageuza uso, akajifanya anakung'uta wavu. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Tungegundulika, ruzuku ingeondoka na majiko ya wenzangu wote. Nililijua hilo. Lakini wosia wa mama si mchezo, na moyo wangu ulikuwa umeshamtia kwenye ndoo. Nilisema nitampika sufuria moja na sato, hata kama kila mtu atapata uzi mmoja wa nyama, neno lako liwe limetimia.

Hapo ndipo mkono ukaenda wenyewe. Unakumbuka ulivyonizoesha nilipokuwa mtoto? Perege jike ukimtoa majini, mfungue mdomo kwanza, maana watoto wake anawabeba humo, na yeye hali kitu mpaka wapate nguvu. Kuna siku tulimpata mmoja tu, nami nalia njaa, ukamwona nao, ukamwachia. "Mwenye watoto mdomoni haliwi. Twende tukale ugali na mlenda." Nilikununia njia nzima.

Walikuwemo, Mama. Wadogo kama ufuta, wana macho.

Nikainama, nikamwachia taratibu. Alikaa kidogo kwenye kiganja changu ndani ya maji, kisha akaenda zake.

"Wewe mtoto!" Mjomba akapiga kelele. "Wosia wa marehemu unautupa mtoni?"

Nilikaa palepale kwenye tope nikalia, kilio ambacho siku ya maziko hakikutoka. Mama Zuhura alikuja akakaa nami, kanga yake mpya ikaharibika.

Basi watu walikula sato wa kubanika, kwa tui la korosho kama ulivyokuwa ukipika wewe. Dua ilisomwa vizuri. Mjomba alitangaza kwamba hawa samaki wa serikali hana hamu nao, halafu akaomba kuongezewa. Alipomaliza alinawa, akanishika kichwa.

Nakukumbuka mno, Mama. Nikiwasha jiko asubuhi nageuka kukuuliza kama moshi umetosha, hakuna mtu. Majiko ni mazuri, kikundi kinaendelea, mzigo unakwenda Nachingwea kila wiki. Ungefurahi, ungetutania sote.

Neno lako la mwisho sikulitimiza, na linaniuma. Nililishika lile la kwanza, ulilonipa nikilia njaa.

Pumzika, na moshi wa huku usikusumbue tena.

Ni mimi, kitindamimba wako