Baiskeli ya Kukodi Juu ya Mahindi

Dada Nekesa, wewe na watoto mko salama?

Baiskeli niliyokodi Kitale imefika Bungoma bila mkwaruzo! Mwenyewe alibaki na kitambulisho changu, kwa hivyo juu ya lori la mahindi niliikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa, ingawa tandiboi alikuwa ameifunga kwa tyubu.

Kuishusha tu, mama mmoja akakalia kiti cha nyuma na kuku wake.

"Twende Kanduyi pole pole. Kuku ni wa wakwe."

"Mama, mimi si boda boda."

"Si uko na kiti?"

Basi nikampeleka. Baiskeli nzima, kuku mzima, ni mapaja yangu tu yanalia. Nichemshie maji, dada yangu.

Wako, Wafula