Rula ya Mninga ya Kidato cha Tatu

Mwalimu wangu Salehe,

Shikamoo huko uliko. Nakuarifu kwamba tangu uondoke, kuanzia Ukonga mpaka hapa Mwenge, hakuna anayejua hesabu kunishinda mie. Usicheke. Najua darasa la nne nililikimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini wanafunzi wako wa kidato cha tatu, wale wenye soksi zilizovutwa mpaka magotini, sasa wananiita Profesa Randa. Na mie naitika.

Rula kubwa ya kuzidishia imetundikwa, Mwalimu! Ile ile uliyokuwa ukiiota. Mbao za mninga ndefu kama mlango, na ulimi unaoteleza katikati. Wanasukuma ulimi, wanasoma jibu, na darasa zima linaona, hata yule mtoro wa dirishani. Mwalimu Rehema, aliyeshika vipindi vyako, anasema wameacha kukariri kama kasuku. Sasa wanakisia kwanza, wanabishana, halafu ndiyo wanahakikisha kwenye rula. Jana binti mmoja alitoa jibu Mkuu wa shule hajamaliza hata kuuliza. Mkuu, yule yule wa "rudisheni watoto kwenye ubao na chaki," akapiga makofi! Nilikuwa mlangoni na shati langu la Idi. Laiti ungeona nilivyovimba.

Nakumbuka ulivyokuwaga ukija bandani kwetu kwenye ushirika na baiskeli yako, chaki mpaka kwenye viwiko, tukigawana muhogo wa kuchoma. Wenzangu wanachonga vinyago, wewe unaniagiza tufe na mche vya somo la hesabu. Siku moja ukaweka mezani rula yako ndogo ya mfukoni. "Shule nzima tunayo hii moja, bwana mdogo, na za kutoka nje hazipatikani. Tutajitengenezea wenyewe, kubwa, hata wa nyuma aione." Nikakujibu, "Mwalimu, mie nimechonga jini la vichwa saba, nitashindwa na rula?" Ukacheka hadi muhogo ukakupalia. Kisha ukanichorea kwenye karatasi alama zote, moja mpaka kumi, ukasisitiza: "Pima, usikadirie."

Halafu ile siku ya mkaguzi. Niliileta rula asubuhi hiyo hiyo, nimechelewa, hukupata hata nafasi ya kuijaribu. Ukasogeza ulimi mbele yake: mbili mara tatu. Ikatoa nne. Nne, Mwalimu! Darasa likaangua kicheko, mkaguzi akavua miwani. Wewe ukasema taratibu, "Kosa ni langu. Nilichora vibaya." Rula ikafungiwa stoo. Masika hayajaisha, homa ikakuchukua.

Baada ya arobaini, mkeo, Mama Zuhura, aliniazima rula yako ya mfukoni. Nikakaa nayo na bikari siku kumi na moja, nikakuza kila nafasi, alama kwa alama, nikazichoma kwa msumari wa moto kwenye mbao mpya. Mara hii nilipima.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini kuandika. Jana, makofi yalipotulia, Mkuu alinishika bega: "Huyu ndiye fundi aliyesahihisha kosa la marehemu." Wakanipigia makofi tena. Na mie, kwa mdomo wangu huu unaoujua, nikasema ahsante.

Mchoro wako haukuwa na kosa. Bado ninao. Nafasi kati ya moja na mbili ni pana, zinazofuata zinazidi kubanana kuelekea kumi, kama kwenye rula yako. Niliuona ulivyo. Nikadhani mkono wako ulichoka. Kwa jicho la mchongaji ilikuwa sura mbaya, upande mmoja wazi, mwingine umesongamana. Basi nikazigawa zote sawasawa, nikajisifu kwa wenzangu kwamba nimemfichia Mwalimu aibu. Na ulipoibeba aibu yangu mbele ya mkaguzi, nilikuwa pale pale mlangoni, nikakuacha uibebe. Siku zote ulizobaki hai sikuja. Nadhani ulijua.

Jumatatu naingia darasani na mchoro wako. Naupigilia chini ya rula, kisha namwambia Mkuu, vijana wakisikia, ni nani aliyekosea. Waache kuniita Profesa wakitaka.

Buriani, Mwalimu. Uliniambia nipime. Mie nikakadiria.

Bakari, mchongaji wako