Dole la Magesa

Nelly, usizime kompyuta. Leo huku machimboni Rwamgasa kaka yangu Dhaval nusura aue mtu! Sasa yuko jikoni kwa mama, chakula hakigusi.

Nyie huko Dar mnaogopa kompyuta zitakosea mwaka elfu mbili ukiingia. Yake haikusubiri.

Unakumbuka vile vidirisha na vitufe alivyotengenezea kompyuta ya mezani? Kavihamisha vyote kwenye kikompyuta cha kiganjani, kile cha kugusa kioo, kionyeshe nani yuko ndani ya duara, lile shimo la dhahabu. Vitufe vikabanana, AMEINGIA ubavuni mwa AMETOKA. Kwa mshale wa kipanya hakuna shida. Lakini kwa kidole, Nelly!

Magesa, mchimbaji, alivua ndala mdomoni mwa shimo. Dhaval akamwambia, "Weka dole." Akaliweka kama wanavyoweka kwa wino kule ushirika wa pamba: akalikandamiza, akaliviringisha mpaka upande wa pili. Likaanzia AMEINGIA, likaachia AMETOKA, na kikompyuta kikashika hilo la mwisho. Akashuka.

Baadaye mtu wa baruti akauliza, "Chini kuna mtu?"

Dhaval akasoma kioo: "Hakuna."

HAKUNA, Nelly! Kasema kwa mdomo wake!

Kiberiti kimeshawaka, ndipo akaziona zile ndala. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kiberiti kikazimwa kabla hakijagusa utambi.

Magesa akapanda, mweupe kwa vumbi, hajui lolote. Akamwendea Dhaval moja kwa moja, akajifuta kidole kwenye suruali, akakinyoosha.

"Haya bosi, sasa niweke dole la kutoka."