Drili ya Mfupa

Dessie

Mwanangu Mulunesh,

Kahawa uliyotuma kutoka Jimma imefika, mama yako ameshaikaanga.

Uliniambia hospitali watanitazama mgongo tu. Mimi fundi seremala, Mulu! Daktari akawasha drili, akanitoboa mfupa wa nyonga achukue uboho. Nani hutoboa bila kutafuta kitu?

“Unatafuta nini humo?” nikamuuliza.

“Baba, binti yako amenikataza kukwambia.”

Eti nisife kwa hofu! Mimi mtoto? Mfupa ni wako au wangu?

Leo majibu yametoka. Nimembana daktari mpaka akanisomea yote, kisha nikamkataza asikwambie hata neno moja. Ukiyataka, panda basi uje uniulize mimi.

Ni mimi baba yako, mwenye mfupa,
Gebeyehu