Maneno Sita ya Mwendo wa Ghafla

Jumatatu, 7 Oktoba

Vipindi vinne. Chaki imeisha tena, nimeazima kwa mwalimu wa Jiografia. Kidato cha tatu nimewapa maneno sita ya Kiingereza: rush, dart, leap, soar, gush, surge. Wameyakariri kama sala. Nikiuliza tofauti, darasa zima linajibu: kwenda haraka. Yote sita! Nimechukia. Dart ni mjusi anapochomoka ukutani. Soar ni mwewe. Gush ni bomba likipasuka. Leap nimeruka mwenyewe, na viatu vyangu vya kanisani, wakacheka mpaka machozi. Surge imenishinda. Maji kupanda kwa mkupuo, nimesema. Hakuna aliyeelewa.

Mvua zimeanza huku Nyabiyonza. Keshokutwa nawapeleka kijitoni wakaone wenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mvua ilinyesha vilimani. Kwetu halikudondoka hata tone. Nikaona ni bahati. Nikawashusha bondeni, wanafunzi thelathini na wanane, wakasimama juu ya mawe katikati ya kijito. Maji ya kifundo cha mguu. Jua kali. Halafu yakaja, mekundu, yamebeba magogo. Wote walikimbilia ukingoni isipokuwa Adventina. Gogo la mkaratusi lilimbana mguu kwenye jiwe. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage ndiye aliyeingia na kumtoa. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Yuko hospitali. Mguu umevunjika sehemu mbili. Wanaogopa huenda ukakatwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jana sikuandika yote. Hata humu, ambamo hasomi mtu, nilijificha.

Adventina aliniambia. Tulipofika kwenye mawe alinyoosha mkono kuelekea kilimani, akaanza: "Madam, kule juu imenyesha, maji ya–" Nikamkata. Sheria yangu inajulikana: kipindi changu ni Kiingereza tu, atakayeteleza anavaa kibao cha adhabu shingoni mpaka kengele ya mwisho. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza. Akafunga mdomo, akaanza kutafuta maneno. Wenzake walipopiga kelele na kukimbia, yeye alikuwa bado amenikabili mimi, midomo ikicheza, akipanga sentensi.

Mimi ni wa Muleba, nimekulia ziwani. Mabonde ya huku siyajui. Wao wamezaliwa humu. Walijua wote thelathini na wanane, na mmoja tu ndiye aliyethubutu kusema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mkuu wa shule anataka taarifa. Kwa Kiingereza, na niiandike mimi, maana somo ni langu. Iseme mwanafunzi aliteleza kijitoni akienda nyumbani. Jumapili niipeleke kwa baba yake atie saini. Mzee Pankrasi aliishia darasa la nne. Nimsomee, nimtafsirie.

"Fikiria ajira yako, mwalimu."

Nimeifikiria. Mama yangu anakula kwa mshahara huu. Nimeandika. Slipped. Mistari sita, safi, haina kosa hata moja la sarufi. Nimejichukia.

Jumapili, 13 Oktoba

Ibadani sikusikia neno. Nikapanda hadi kwa Mzee Pankrasi, nyumba katikati ya kibanja, migomba mpaka mlangoni. Mama Adventina yuko hospitali na mtoto. Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaniita mwalimu, akanipa kiti kizuri, akaniwekea kiganjani kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni wa heshima. Sikuweza kuitia mdomoni. Nikatoa karatasi, nikasoma mstari wa kwanza, nikaikunja.

Nikamweleza yote. Kijito, kibao, mkono ulioelekea kilimani.

Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja: mtoto alisema nini hasa? Nikarudia, neno kwa neno, mpaka pale nilipomkata. 

"Hilo nilimfundisha mimi," akasema. "Atazame kilima kwanza, ndipo aingie majini."

Akalia mbele yangu, mtu mzima yule. Sikuomba msamaha, nilijua sina haki ya kuuomba siku ile. Akaniambia niende, maana anataka kupeleka chakula hospitali.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana sikukuu. Leo asubuhi nimempa Mkuu taarifa nyingine, yenye ukweli wote. Ameisoma mara mbili. Ameniambia nisubiri barua ya halmashauri. Nasubiri.

Hospitali wamesema mguu hautakatwa. Atachechemea.

Kipindi cha pili, kidato cha tatu. Nimewaambia kuanzia leo mwenye jambo la kusema aliseme, kwa Kiswahili, kwa Kinyambo, kwa lugha yoyote aliyo nayo. Nitasikiliza. Kisha nikauliza kama kuna mwenye lolote.

Nimengoja. Wako thelathini na saba. Walinitazama, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyefungua mdomo. Nimegeukia ubao, nikaandika tarehe.