Mistari Tisa ya Mwende

Ijumaa. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na vilima vya Iveti vimebaki visafi kama sufuria zilizosuguliwa. Nimekaa barazani na hasira zangu zote zimeniisha, jambo ambalo wasomaji wa blogu hii hawajawahi kulishuhudia.

Gari limeuzwa.

Mnaonifuata hapa mnajua msimamo wangu juu ya masoko ya mtandaoni. Nimeandika mara nyingi kwamba ni mnada wa uongo. Kila gari ni safi kama jipya. Kila gari lilikuwa la daktari, au la mama aliyelitumia kwenda kanisani tu. Kila muuzaji anauza kwa sababu amepata jingine kubwa zaidi. Niliwahi kusema kwamba kama magari ya nchi hii yangekuwa mazuri kiasi hicho, mafundi wote wa Machakos wangefunga gereji zao wakarudi shambani. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Leo nakiri. Tangazo langu mwenyewe lilikuwa la uongo kuliko yote niliyowahi kuyashambulia.

Nianze na nguzo ya lango. Mwezi uliopita, mchana kweupe, niligonga nguzo ya lango letu, ambayo imesimama mahali pamoja tangu tujenge. Nilimlaumu aliyeijenga. Nikalilaumu jua. Mke wangu, Mwende, alichukua mkoba wake. Alinipeleka kwa daktari wa macho. Daktari, mtu mpole, akaniambia kwamba ninaona vizuri mbele lakini pembeni kumeanza kuliwa, kama kitambaa kinachofumuka kwenye pindo, na kilichokwisha kufumuka hakirudi. Akanikataza kuendesha gari kuanzia siku ile.

Nilibishana naye nusu saa. Nilimtajia vitabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha tena karatasi ya vipimo, na madoa meusi ya sehemu nisizoziona yalikuwa bado palepale.

Mwende hajui kuendesha, kwa hiyo tulirudi nyumbani na dereva wa kukodi, mimi nikiwa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe, upande wa kushoto. Mlango huo haufunguki kwa ndani. Tulipofika, nilikaa nikingoja kufunguliwa.

Siku hiyo nilimwahidi mke wangu mambo mawili: sitagusa usukani, na nitaliuza gari haraka. Haraka, kwa sababu sote wawili tunanijua. Maadamu gari liko uani na ufunguo uko kwenye msumari wake, iko siku nitasema naenda dukani tu. Na siku hiyo nitaua mtu.

Sikuharakisha. Nilipiga picha nikazifuta. Nilisema nangoja bei ya soko itulie.

Halafu Jumanne wiki hii, Mwende akiwa kwenye mkutano wa kikundi chake cha akina mama, nilipata wazo ambalo ni mtu wa Machakos peke yake anayeweza kulipata. Nilichukua ufunguo nikaenda Kyamwilu.

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwa mlio mbali, Kyamwilu ni kipande cha barabara huko Kituluni ambapo ukizima injini na kuachia breki, gari huonekana likipanda mlima lenyewe. Ni umbo la vilima tu linalodanganya macho; niliwahi kuandika makala nzima kuwakejeli wanaosema ni muujiza. Sasa nilisimamisha simu yangu juu ya jiwe kando ya barabara, nikaiacha irekodi, nikaingia garini, nikazima injini, nikaachia breki. Gari likapanda. Nikaiweka video mtandaoni na maneno haya: jepesi, halijawahi kuguswa, mwenyewe amepata jingine kubwa. Niliwalenga watu wa Nairobi.

Ndiyo. Niliendesha mwenyewe, kwenda na kurudi.

Watu wa Nairobi hawakuja. Walikuja madalali, ambao huuliza bei ya mwisho hata kabla ya kutoa salamu, na kila mmoja alikuwa na mteja aliye tayari ambaye hana jina. Na watu wa Machakos walikuja kucheka. "Mzee, pale hata debe tupu hupanda." "Sasa lipeleke Iveti tuone kama litarudi nyuma." Mmoja akaniuliza, "Si ni wewe uliandika ati wanaoamini Kyamwilu hawakusoma?" Huyo alinimaliza.

Jumatano jioni Mwende aliomba kuiona hiyo video inayochekesha watu. Mimi nilikuwa nimeitazama labda mara kumi. Yeye aliitazama mara moja.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nikaangalia ufunguo kwenye msumari.

"Na huyu mama?"

"Mama yupi?"

Akaweka kidole kwenye pembe ya kioo. Pale, kushoto kwa gari, kuna mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Gari linamjia kwa nyuma, kimya, injini imezimwa, kwa hiyo mwanamke halisikii. Anageuka likiwa karibu kumgusa. Anaruka mtaroni na kuni zinamwagika. Kisha anainuka, anasimama akinitazama nikipita. Mimi nimo ndani, nimeshika usukani, nimeangalia mbele, natabasamu.

Niliiweka video hiyo mbele ya nchi nzima na sikuwa nimemwona. Hata waliocheka hawakumtaja. Sote tulikuwa tunatazama gari.

Sikuwa na hoja. Naandika tena ili nijisome: sikuwa na hoja.

Mwende hakunipigia kelele. Aliutoa ufunguo kwenye msumari akautia kwenye mkoba wake. Aliifuta video. Akavaa miwani, akaketi mezani na simu yangu, akaandika tangazo jipya. Lazima mjue kwamba mke wangu alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kuandika kwenye faili kile alichokiona, kwa ufupi, ili muuguzi wa zamu inayofuata asimuue mgonjwa kwa kutojua. Aliandika hivi:

Gari aina ya station wagon, jeupe, mwenyewe mmoja tangu liingie nchini.
Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani.
Gia ya pili hukataa asubuhi ya baridi. Ukingoja dakika tano hukubali.
Kipoza hewa kimekufa. Tunafungua madirisha.
Tairi mbili mpya, mbili zimechoka.
Bampa limepakwa rangi. Liligonga nguzo ya lango.
Oili hubadilishwa kwa wakati. Huoshwa kila Jumamosi.
Bei ni hiyo hapo juu. Haipungui, makosa tumeshayatoa ndani yake.
Sababu ya kuuza: mwenye gari haoni pembeni na daktari amemkataza kuendesha.

Mistari minane niliimeza. Wa tisa ulinichoma. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watu kwamba hawaoni, na sasa itangazwe kwamba asiyeona ni mimi? Nikamwambia, "Utaniaibisha mbele ya adui zangu."

"Adui zako nao wanatembea barabarani, Baba Mutua."

Akabonyeza.

Nimesoma vitabu vingi. Nimewasifu waandishi ambao sijui kama leo ningewasifu. Lakini tangu Jumatano nimeisoma ile mistari tisa kama mwanafunzi, na sijapata neno la kuondoa wala la kuongeza. Haijisifu wala haiombi. Inamchukulia msomaji kuwa mtu mzima, mwenye pesa zake na akili zake. Mimi ningetumia kurasa nne kufika hapo, na ningemtukana mtu njiani.

Na ilifanya kazi! Madalali walinyamaza ndani ya siku moja. Kazi ya dalali ni kugundua kasoro uliyoificha ili akushushe bei, na hapa hapakuwa na kitu cha kugundua. Jana zilipigwa simu chache, zote za watu wenye majina. Leo saa tano, udongo ukiwa bado umelowa, akafika mama mmoja kutoka Matuu anayeitwa Syombua, mfanyabiashara wa matunda, pamoja na fundi wake. Msimu wa maembe unaanza na alikuwa amechoka kukodi gari la kupeleka mzigo Thika.

Fundi alilala chini ya gari, akawasha, akazima, akaliendesha hadi barabara kuu na kurudi. Akaenda kuufungua mlango wa nyuma kushoto kwa ndani, akashindwa, akaangua kicheko.

"Mwaitu, mama yangu, hapa sina kazi. Kila kitu nimepata, kimeandikwa."

Syombua akanigeukia. "Mzee, mimi niliona ile video ya kwanza. Nikasema, huyu ni mwongo wa Kyamwilu, ata si mwongo wa mbali. Halafu nikaona tangazo ya pili, na gari ni ile ile. Nikajua sasa ameandikiwa na bibi yake."

Mwende alicheka hadi akaketi. Nami nilicheka, nikaona ni afadhali.

"Basi mnitolee kidogo ya mafuta," Syombua akasema.

"Soma mstari wa nane," Mwende akamjibu.

"Haki huyu mama!" Akalipa bila neno jingine. Pesa zikaingia benki, tukahamisha umiliki kwenye simu tukiwa tumesimama uani, na Mwende akautoa ufunguo kwenye mkoba wake. Hakunipa mimi nimpe. Alimpa Syombua mwenyewe mkononi. Alifanya vizuri.

Nililitazama likipita langoni bila kugusa nguzo. Likakata kushoto, na papo hapo nikalipoteza. Nilidhani limeshafika kwenye kona. Nikageuka kuingia ndani, nikamwona Mwende bado anapunga mkono. Aliendelea kupunga muda mrefu.

Sasa ni jioni na ua ni mkubwa ajabu. Kwenye udongo pamebaki mraba mkavu lilipokuwa gari.

Mtakaonisubiri kwenye maoni kwa furaha, karibuni. Baadhi yenu mnanidai kuombwa msamaha, wengine hapana. Lakini yuko mmoja ambaye hasomi blogu hii na ndiye wa kwanza kwenye foleni. Kesho ni Jumamosi, siku yangu ya kuosha gari, na sina gari. Nitakwenda Kituluni kumtafuta yule mwanamke wa kuni.

Nimejiuliza jioni nzima nitamtambuaje. Mwende anasema tutakwenda pamoja. Yeye alimwona.