Kinu Walichokiacha

Kidal, Ijumaa

Mwanangu Attaher,

Hatujambo huku. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na dada yako bado anaunguza mkate.

Waliokufukuza kwa ajili ya muziki walirudi Jumatano. Gitaa lako walishalichoma, sasa wakataka ngoma.

“Ngoma sina, wanangu. Nina kinu tu cha kutwangia uwele.”

Wageni wale hawajui kwamba ngoma yetu ni kinu hichohicho kikivikwa ngozi. Wakaniambia nitwange.

Basi nikautwanga wimbo wako wa kisima. Majirani wakaupokea kwa michi yao, nyumba hadi nyumba. Mmoja wa wageni wale, bunduki begani, mguu ukaanza kumcheza.

Usirudi kwanza. Ngozi naikalia kila siku, isikakamae kabla hujafika.

Mama yako,
Tinalbaraka